Namba ya simu si yako: maneno ambayo hakuna mtu alitufundisha

Leo wafanyakazi wa mashirika nao wakae hapa karibu, juu mambo haya yanawahusu.

Kila mtu alifika huku na maneno yake ya simu. Sisi wa Kivu tulisema inite, mega na rezo. Tukakuta wenzetu wanasema vocha, bando na netiweki. Hayo unayazoea kwa wiki moja, tena dukani watakucheka kidogo halafu basi. Lakini kuna maneno mengine ambayo unajifunza siku yameshakuumiza. Nataka niyaeleze, na nitaanza na namba ya mama.

Tulipotoka nyumbani tulipotezana njiani. Yaya wangu mkubwa hakuwa na simu, ila kichwani alishika namba moja tu, ile ya mama inayoanza na +243. Tulipofika hapa Uganda, mama alipata laini ya huku. Ile ya Congo akaitoa, akaifunga kwenye ncha ya kitenge pamoja na hela yake. Alisema, "Siku yaya yenu atakuja kunitafuta, namba yangu iko hapa." Kwake yeye namba ilikuwa ndani ya ile kadi, kama vile hela ilivyo ndani ya fundo. Watu wengi wanafikiri hivyo.

Sasa sikiliza kadi inavyofanya kazi. Ndani ya laini kuna namba nyingine ambayo wewe huioni, inaitwa IMSI, kwa kawaida ina tarakimu 15. Tatu za mwanzo ni za nchi: Congo ni 630, Rwanda 635, Kenya 639, Tanzania 640, Uganda 641, Burundi 642. Kuna pia ufunguo wa siri. Ukiwasha simu, inatafuta mnara ulio karibu na kujitambulisha. Mnara unapeleka ujumbe kwa kampuni, na kampuni inaangalia kwenye kompyuta zake, tuseme daftari kubwa: kadi hii ni halali? Imepewa namba gani ya kupigiwa? Ndiyo maana ukipoteza laini unaweza kupewa kadi mpya yenye namba ile ile. Namba inaishi kwenye daftari la kampuni. Kadi ni ufunguo wa mlango tu.

Na kama ni nyumba ya kupanga, mwenye nyumba anaweza kuifunga. Laini ikinyamaza miezi mingi, haipigi, haiwekwi vocha, kampuni inaifunga. Baadaye namba ile inauzwa tena kwa mtu mwingine. Wala si wizi, ni utaratibu wa kampuni za simu karibu kila mahali, kwa sababu namba zina mwisho.

Mwaka uliofuata shangazi yangu aliyebaki kule alipiga ile namba ya mama. Akapokea mwanaume mmoja. Alikuwa mpole, akasema laini ameinunua sokoni, mama huyo hamjui. Shangazi alipotuambia, mama alifungua fundo la kitenge, akaitazama kadi muda mrefu. Akauliza, "Kumbe mtoto wangu akipiga, atajibiwa na mtu asiyemjua?" Hatukuwa na jibu zuri la kumpa.

Neno lingine ni roaming, tuseme simu kukaa ugenini. Kampuni za nchi mbili zikiwa na mapatano, laini ya Congo inaweza kushika mnara wa Uganda, lakini kwa bei ya juu. Ukipita karibu na mpaka, simu yenyewe inaweza kurukia mnara wa nchi ya pili bila kukuuliza, juu mawimbi hayajui mpaka. Kama una laini ya nyumbani ambayo ndugu wanaijua, uliza mapema: roaming iko? Ni kitu gani kinaifanya ihesabike kuwa inatumika, na ikinyamaza kwa muda gani inafungwa? Kama kuna ndugu mnayemwamini kule nyumbani, wakati mwingine ni afadhali kadi ibaki kwake, aiwashe na kuitumia.

Neno la tatu, usajili. Hapa Uganda, zamani mkimbizi alitakiwa kuonyesha kitambulisho cha mkimbizi ndiyo asajili laini, na watu wengi walikuwa hawajakipata. Wakatumia laini zenye majina ya watu wengine. Mwezi wa 8 mwaka 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliruhusu barua ya atestesheni ya OPM itumike pia. Lakini mpaka leo utasikia mtu anasema, "Laini yangu iko kwa jina la jirani." Ndugu yangu, hiyo laini si yako. Kwenye daftari mwenyewe ni jirani. Simu ikiibiwa, ni yeye tu anayeweza kuomba kadi nyingine. Na akiamua kuiomba hata kama simu haikuibiwa, ya kwako inazimika mkononi, hela yote ya kwenye simu inahamia kwake.

Dada mmoja wa hapa kwetu aliuziwa laini iliyokwisha kusajiliwa. Siku simu ilipoibiwa alikwenda kuomba kadi mpya, akaulizwa, "Jina la mwenye laini ni nani?" Hakulijua. Akiba yake ya cherehani ilikuwa humo. Tena namba ile ndiyo ilikuwa kwenye orodha ya msaada. Shirika lilipiga, simu haipatikani, likamwandika "hayupo". Wakati yeye alikuwa nyumbani kwake, mwendo wa dakika kumi kutoka ofisini.

Wafanyakazi wa mashirika, hapa ninawaomba kitu. Mkiandika namba ya mtu, muulizeni na laini iko kwa jina la nani. Na simu ikizimika, msimfute mtu. Tumeni mjumbe wa kijiji aende mlangoni.

Mengine nayasema haraka. PIN ya kadi ukiikosea mara tatu, kadi inajifunga na kutaka PUK, namba ya tarakimu nane. PUK nayo ukiikosea mara kumi, kadi imekufa. Basi usibahatishe, nenda uiulize kwa kampuni. IMEI ni namba ya simu yenyewe, si ya laini. Bonyeza *#06# uiandike mahali, itakusaidia ukienda kuripoti wizi. Menyu za nyota na reli, zile zinaitwa USSD, hazitumii bando. Zinapita kwenye njia ile ile ya simu za kawaida, ndiyo maana hata simu ndogo ya tochi inatuma hela. Na zile tarakimu zinazokuja kwa SMS ukifungua WhatsApp, usimpe mtu, hata akisema anatoka shirika gani. Weka na PIN ya WhatsApp ya tarakimu sita, juu siku namba yako ikiuzwa kwa mtu mwingine, tarakimu za SMS zitaenda kwake.

Kwa hiyo fanya haya wiki hii. Uliza laini yako iko kwa jina la nani. Kama si lako na una atestesheni au kitambulisho, kasajili yako. Andika namba za ndugu zako kwenye karatasi, na wadogo wawe na namba mbili kichwani, za watu wawili tofauti. Laini ya zamani usiiache ilale.

Kama umepotezana na mtu, usingoje simu peke yake. Msalaba Mwekundu wana huduma ya kutafuta ndugu, na hawalipishi. Sisi tumeshaandikisha jina la yaya, jina la kijiji, na majina ambayo watu wa nyumbani walizoea kumwita. Mama mwenyewe ndiye aliyeyataja, moja baada ya lingine. Hayo hakuna kampuni inayoweza kumpa mtu mwingine.

Na wewe, nyumbani kwenu vocha mliiitaje? Na laini yako iko kwa jina la nani? Andika hapo chini tusaidiane.