Namba 4 Tanzania, Wiki Moja Tu: Mdada wa Kahama na Chati ya Podikasti

Wadau wa Kanda ya Ziwa mnaikumbuka ile skrinshoti. Ilizunguka kwenye status za watu siku kadhaa: podikasti ya mdada mmoja wa Kahama, jina kapuni, imekaa namba 4 kwenye chati ya Apple Podcasts ya Tanzania. Mastaa wa Dar wako chini yake!

Watu wakapagawa. Mzee mmoja mwenye duka la pampu na vifaa vya uchimbaji kule Katoro, Geita, akamlipa udhamini wa miezi mitatu. Mdada naye akaacha kibanda chake cha uwakala wa pesa, kibanda kilichokuwa kinamlipia kodi. Siku ya nane kipindi hakionekani kwenye chati kabisa.

Wambea wakasema alinunua namba. Hakununua. Tatizo ni kwamba wengi wanaoishangilia hii chati hawajui inahesabu nini.

Apple ina chati ya kila nchi, na ndani yake kuna za aina ya kipindi. Inaangalia watu wanaosikiliza, wanaofolo na wanaofika mwisho wa kipindi. Nyota tano na maoni matamu havihesabiwi, hata ukiwabembeleza mashabiki vipi. Na wanaofolo upya wana nguvu sana, ndiyo maana kipindi cha juzi kinaweza kukipita chenye miaka mitano.

Sasa Tanzania wenye iPhone ni wachache, wengi tuko nao hawa Tecno, Infinix na itel. Ukiwa kwenye dimbwi dogo, jiwe dogo linatikisa maji. Kaka yake mdada alitupa linki kwenye grupu la waliosoma naye chuo Mwanza, wenye iPhone wakafolo usiku huo huo, namba ikaruka. Wiki iliyofuata hao hao walishafolo, wapya hakuna, namba ikashuka. Hakuna uchawi hapo.

Lakini mdada hakulala. Chartable, ule mtandao ambao wengi waliutumia kufuatilia namba zao, ulinunuliwa na Spotify mwaka 2022 na ukafungwa Desemba 2024, kwa hiyo alikuwa anachungulia chati kwa mkono, saa nane za usiku, kabla hata ya kunywa maji. Akatokea jamaa DM, anaahidi kumi bora kwa dola. Pesa ya kodi ilikuwa mkononi. Ilibaki kidogo sana aitume.

Wakati huo wasikilizaji wake wenyewe wako Nyarugusu, kwenye karasha. Kijana mmoja mwenye bando anashusha kipindi, anakirusha WhatsApp, mwingine anakiweka kwenye memori kadi, kinapigwa kwenye spika watu wakisubiri zamu ya kusaga mawe. Kile cha wake wanaoachwa Shinyanga waume wakifuata dhahabu, kilichochanganywa na Kisukuma, kilirudiwa mpaka watu wakakikariri. Kwa kanuni za kupima podikasti, upakuaji unahesabika kama angalau dakika moja ya sauti imeshuka kutoka kwenye seva. Yule kijana ni mmoja. Waliozunguka spika ni sifuri. Kwenye chati ya Apple, hata yeye mwenyewe hayumo kama simu yake ni itel.

Mkataba ulipokaribia kuisha mzee wa Katoro akapiga simu.

"Binti, si ulikuwa wa nne? Sasa hivi wa ngapi?"

"Baba, simo. Ila nipe vipindi viwili, nina neno la kuwaambia wateja wako."

Neno lenyewe lilikuwa la Kisukuma. Ukilitamka dukani, unapunguziwa bei ya mpira wa pampu. Mtoto wa duka akawa anaandika kwenye daftari kila anayelitamka na anakotoka: Nyarugusu, Mgusu, Masumbwe, hadi wawili waliotoka Kakola, Msalala, ambao hakuna aliyejua kipindi kiliwafikiaje.

Mzee aliongeza miezi miwili, ila kwa pesa pungufu. Alisema ukweli wake kwamba ile ya mwanzo alilipia skrinshoti. Mdada amerudi kibandani asubuhi, jioni anarekodi, na kila Jumamosi anapiga simu Katoro kusomewa daftari.