Bungulu, saa kumi na mbili ya mangaribi



Kwa ndugu ambao hawajafika kwetu, Bungulu ni moja ya komini nne za mji wa Beni, pamoja na Beu, Mulekera na Ruwenzori. Mji wetu umekaa kwenye njia panda. Barabara ya kusini inaenda Butembo, kilometa 54 hivi. Ya mashariki inashuka Kasindi, kwenye mpaka wa Uganda, karibu kilometa 80. Ya kaskazini inapanda Oicha. Na ya magharibi inapita Mangina kuelekea Biakato na Mambasa, kule vijana wetu wengi wanatafuta dhahabu. Kwa hiyo mwezi wa 12 ukifika, hatuna lazima ya kuangalia kalenda. Njia zote nne zinaanza kutuletea watu.

Simama kidogo kando ya Boulevard Nyamwisi siku hizo, utaona. Huyu anashuka na godoro, yule na mbuzi, mwingine na gunia la mchele. Kijana ametoka kwenye machimbo, ana miezi minane hajaona uso wa mama yake, na mfukoni ana feza kidogo ambayo haipendi kulala. Mavumbi ni mekundu mpaka kwenye kope za macho. Na wote, wakiisha kushuka kwenye gari, wanafanya kitu kimoja: wanainua mkono na kuita motari.

Hapo ndipo nataka tuongee. Safari ndefu mtu anaiogopa. Anaomba Mungu, anauliza habari za njia, anachagua siku. Lakini ile kilometa moja au mbili ya mwisho, toka barabara kubwa hadi kwenye lupango ya wazazi, hakuna anayeiogopa. Kila mwaka wakubwa wa mji na polisi wa barabara wanakumbusha watu: pikipiki ibebe abiria mmoja, mvae kofia ngumu, dereva asinywe pombe, mrudi nyumbani mapema, msibebe mzigo wa mtu msiyemjua. Sisi tunasikiliza, tunasema ni vizuri, halafu tunapanda watatu.

Ninasema sisi, kwa sababu na mimi nimo.

Miaka michache iliyopita, siku mbili mbele ya Noeli, kwaya yetu ilikuwa na mazoezi. Niliwaita saa kumi. Unajua mambo yetu: saa kumi ikawa saa kumi na nusu, mpiga gitaa akachelewa, wimbo mmoja ukakataa kushikana, na mimi nikasema, "Turudie mara moja tu." Tuliporudia mara ya tatu, giza lilikuwa limeingia. Hapa kwetu tuko karibu sana na ikweta. Jua halikawii kama katika nchi za mbali. Saa kumi na mbili linazama, na kabla ya nusu saa kwisha huoni tena uso wa mtu.

Wasichana wawili walikuwa wanakaa mbali. Motari aliyekuwa karibu alitaja beyi ya siku kuu, mara mbili ya kila siku. Nikapapasa mfuko. Feza haikutosha kwa pikipiki mbili. Nikasema mimi mwenyewe, kwa kinywa hiki kinachohubiri, "Mpande wote wawili pamoja, si mbali."

Kwenye mteremko walikuta chukudu iliyobeba makala, bila taa. Motari alijaribu kuiepuka. Pikipiki yenye mtu mmoja nyuma inaweza kugeuka upesi na kusimama upesi. Yenye wawili inasukumwa na uzito wake, na frene hazisikii. Walianguka. Mmoja alipata michubuko. Wa pili alivunjika mguu, na bomba la moshi likamchoma pale alipolala chini. Noeli aliifanyia hospitalini.

Nilipoenda kumwona, mama yake alinipa kiti. Akanyamaza sana. Kisha akasema, "Pasta, ninakuheshimu. Lakini mtoto wangu hakuchelewa. Ni wewe ulimchelewesha."

Sikuwa na la kujibu. Mpaka leo sina.

Tangu siku ile nimeanza kuyasikiliza mashauri ya wakubwa kwa sikio lingine. Zamani nilifikiri yanasemwa kwa wamotari. Sasa najua yanasemwa pia kwa yule anayepanga saa ya ibada, saa ya arusi, saa ya kula. Kama karamu yako inaisha saa mbili ya usiku, wewe umekwisha kuwapandisha watu kwenye pikipiki za usiku, hata kama hukuita motari.

Katika mji wetu usiku una uzito zaidi. Tarehe 25 Desemba 2021, siku ya Noeli yenyewe, mtu alijilipua kwa bomu kwenye restora iliyojaa watu hapa Beni, na watu zaidi ya watano walikufa. Wakubwa walisema ni kazi ya waasi wa ADF. Waliomba watu wakimbie mikusanyiko mikubwa katika siku kuu, wakaweka amri ya kila mtu kuwa nyumbani saa moja ya usiku, na vizuizi vikaongezwa barabarani. Tangu hapo tumeelewa kwa nini tunakatazwa kupokea mfuko wa mtu tusiyemjua, hata akisema, "Umpelekee tu ndugu yangu pale mbele." Na tumeelewa kwamba pikipiki inayopita mbio gizani bila taa inaweza kumtisha askari aliye kwenye kizuizi. Yeye naye anaogopa.

Tena, tusiwatwike wamotari mzigo wote. Nilikaa siku moja na kijana mmoja wa kazi hiyo, nikamuuliza kwa nini wanakimbia vile. Alicheka. "Baba Pasta, moto si yangu. Kila mangaribi nampelekea mwenye moto malipo yake. Nikikosa, kesho anampa mwingine. Halafu abiria mwenyewe anapanda na kusema, 'Upesi, upesi, nimechelewa.' Nimsikilize nani?" Mtu wa hivi, mwezi wa 12, anaanza kazi alfajiri na kufika usiku macho yakiwa mazito. Wengine wanajipa nguvu na kasiksi. Ukimwambia, "Kijana wangu, pole pole, tutafika," umempa ruhusa ambayo hakuna mwingine amempa siku nzima.

Jambo hili si letu peke yetu. Shirika la Afya Ulimwenguni linahesabu watu karibu milioni 1.19 wanaokufa barabarani kila mwaka, na kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachowaua zaidi ya hicho. Kofia ngumu iliyofungwa vizuri chini ya kidevu inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 40. Lakini dada zetu wanasema, "Nimesuka kichwa kwa ajili ya siku kuu, kofia itaharibu." Mama, funga kitambaa kwanza, halafu vaa kofia. Misuko ikiharibika, inasukwa tena.

Kuna anayesema watu wa huku hawashiki mashauri ya serikali. Si kweli. Ebola ilipotangazwa mwezi wa 8 mwaka 2018, pale Mangina, wengi walikataa na kusema ni biashara ya wakubwa. Lakini wazazi, wachungaji na wamotari walipoanza kunawa mikono wao wenyewe mbele ya watu, mambo yalianza kugeuka polepole. Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Shauri linashikwa pale linapoingia nyumbani.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, mtu anayejenga nyumba mpya anaagizwa kuweka ukingo kwenye dari, ili mgeni asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Zamani nilisoma mstari huo kama habari ya mafundi. Angalia vizuri: anayeagizwa ni mwenye nyumba, si mgeni. Sisi tunaoalika watu, ukingo wetu ni saa ya kuwaaga.

Basi katika kanisa letu tulibadilisha. Mazoezi ya kwaya yanaisha saa kumi na nusu, wimbo ukikubali ao ukikataa. Ibada ya mkesha tuliileta mchana. Wazee wengine walinung'unika kwamba mkesha bila usiku si mkesha. Nikawaambia wachungaji wa Betlehemu walikuwa tayari na makundi yao huko nje, hawakupanda pikipiki. Walicheka, wakakubali. Mama wa kanisa walinunua kofia tatu, zinakaa kwa shemasi. Na anayetoka mbali, tunamtafutia mkeka alale.

Yule msichana alipona, ingawa wakati wa baridi mguu unamuuma. Anaimba bado. Saa kumi na nusu ikigonga, yeye ndiye wa kwanza kufunga kitabu cha nyimbo, na mimi sisemi neno.

Kwa wewe kijana unayesoma haya kule machimboni, ukijitayarisha kuja nyumbani, nakuachia haya:

1. Toka mapema, ufike mwanga ungalipo. Giza likikukuta njiani, lala kwa ndugu wa karibu, ufike kesho.

2. Patana beyi kabla ya kupanda, na usionyeshe feza yote barabarani. Panda kwa motari anayejulikana pale stasioni, na mwambie mtu wa nyumbani kwamba uko njiani.

3. Pikipiki moja, abiria mmoja. Godoro na mbuzi vitafute njia yao. Mama aliyevaa kitenge akusanye nguo vizuri, isiingie kwenye mnyororo.

4. Motari akinuka pombe, shuka. Usione haya.

5. Ukija kwa gari, kumbuka mengi ya huku yana usukani wa kuume, na sisi Congo tunatembea kuume. Anayekaa mbele kando ya dereva mlango wake unafungukia katikati ya barabara. Angalia nyuma kwanza, ndipo ufungue.

6. Usimwambie motari "upesi".

Na kwa wewe baba ao mama unayengoja mgeni: mpigie simu, umwambie chakula hakikimbii. Sombe inapashwa moto tena, hata kesho yake inakuwa tamu zaidi.

Noeli njema, na Bonane. Tuonane wote, na miguu yote miwili.