Nilivyowafufua Ng'ombe wa Wamasai

Kosa hili ni langu. Mhariri asilaumiwe, yeye aliniamini tu.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kijitabu cha magonjwa ya mifugo nikitafsiri kutoka Kiingereza. Kwenye ukurasa wa sotoka, mwandishi alieleza kwa neno moja yaliyoipata mifugo ya Wamasai: "decimate". Nikaandika: "Sotoka iliua ng'ombe mmoja katika kila kumi." Kisha nikatabasamu peke yangu.

Nilijiona msomi. Mwingine angeandika "iliteketeza" akapita zake, lakini mimi niliijua asili ya neno. Limetokana na "decem", kumi ya Kilatini. Kikosi cha Roma kikikimbia vita, askari waligawanywa kumi kumi, wakapiga kura, na aliyeangukiwa aliuawa kwa virungu na wenzake tisa, watu aliokuwa akila nao. Waliosalia walipewa shayiri badala ya ngano, wakalala nje ya boma la kambi. Crassus, katika vita dhidi ya Spartacus, aliwafanyia hivyo askari 500 waliotangulia kukimbia: mafungu hamsini, maiti hamsini. Kisa hiki nilikisimulia popote nilipopata wa kunisikiliza, hata harusini.

Kijitabu kikachapwa. Baadaye nilikwenda Longido kwa shughuli nyingine, nakala mbili zikiwa mkobani. Kando ya mnada wa ng'ombe nikampa moja mzee mmoja, mwalimu mstaafu na mfugaji. Alisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata mstari, fimbo ameibana kwapani. Kidole kikasimama.

"Mwanangu, mmoja kwa kumi?"

"Ndiyo, mzee."

"Mbona hiyo ni hasara ya kiangazi tu? Kiangazi cha namna hiyo hata jina hatukipi. Ile ya sotoka tunaiita Emutai."

Akanirudishia kijitabu, akaenda kutazama mitamba.

Emutai ni kumalizwa. Ndivyo Wamasai wanavyoviita vipindi vile vya mwishoni mwa karne ya 19, vilipofuatana homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka, ndui na njaa. Sotoka iliingia kupitia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na kufikia 1891 ilikuwa Umasaini. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba ng'ombe tisa katika kila kumi walikufa. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alipita Ngorongoro mwaka 1892 akakuta watu waliobaki mifupa mitupu. Mimi nilikuwa nimeigeuza hesabu: waliokufa nimewafanya ndio waliosalia. Kwa kalamu moja nikajaza mazizi yaliyokuwa matupu.

Kamusi haikunidanganya, ni mimi niliyesoma asili ya neno nikadhani nimesoma maana yake. Waingereza waliiacha ile kumi zamani. Leo wakilitumia neno hilo wanataka kusema sehemu kubwa imeangamia, na wachache wanaoshikilia hesabu ya Roma ni watu wa ubishi kama nilivyokuwa mimi.

Linaloniuma zaidi ni kwamba funzo lilikuwa mdomoni mwangu siku zote. "Ushuru" tuliupata kwa Waarabu, na kwao ulikuwa moja ya kumi. Nenda bandarini utozwe asilimia 25 ya thamani ya mzigo, halafu mwambie ofisa wa forodha kwamba neno lenyewe linasema kumi. Sijawahi kumwona aliyejaribu. Mimi mwenyewe nililipa kimya.

Kijitabu hakijachapwa upya, na nakala zake bado ziko mikononi mwa wafugaji na maofisa ugani. Kama unayo, fungua ukurasa wa sotoka. Futa "mmoja katika kila kumi", uandike kwa kalamu ya wino: "karibu wote".