Bonde la Loire, bonde la Pangani, na mtu mwenye baiskeli

Loire ndio mto mrefu kuliko yote Ufaransa. Unaanzia milimani kusini, kwenye Mont Gerbier-de-Jonc, unaizunguka nchi kwa zaidi ya kilomita 1,000, kisha unaingia Atlantiki pale Saint-Nazaire. Kandokando yake kuna njia ya baiskeli ya kilomita zipatazo 900, kutoka Cuffy, jirani na Nevers, hadi Saint-Brevin-les-Pins ufukweni. Mimi nimezaliwa Korogwe, siku hizi naishi Nantes, ambako kutoka nyumbani hadi baharini ni mwendo wa siku moja kwa baiskeli bila haraka. Nikipita huko nauwaza Pangani, na si kwa sababu ya kukumbuka nyumbani tu. Mito hii miwili inashuka baharini kwa namna zinazofanana. Tofauti iko kwa anayepita kandoni mwake.

Ndugu zangu wakiona picha ninazotuma hudhani Wafaransa wamejenga barabara mpya ya lami kwa ajili ya baiskeli, kilomita 900 nzima. Wala. Zipo sehemu zilizojengwa, lakini kwa urefu mkubwa njia ya Loire ilikuwapo zamani. Kuna matuta yaliyoinuliwa karne na karne kuzuia mafuriko, yale yale yaliyozidiwa na maji mwaka 1846, tena 1856, tena 1866. Kuna vijia vya mashamba ya mizabibu, na kuna barabara za vijijini ambazo gari hupita moja baada ya muda mrefu, la mkulima au la posta. Walichofanya, kuanzia miaka ya 1990, ni kuchagua. Mikoa miwili, Centre-Val de Loire na Pays de la Loire, ilikubaliana njia ipite wapi, nani aifyeke, nani azibe mashimo, kisha wakachomeka vibao vidogo vyenye mchoro wa baiskeli kwenye kila njiapanda. Kazi kubwa ilifanyika mezani kabla ya katapila kuwashwa.

Kibao kidogo kina nguvu kuliko tunavyodhani. Kuanzia Angers kuteremka, huhitaji ramani wala simu. Unavuka kisiwa cha Béhuard, nyumba zake zimebanana mguuni mwa mwamba wenye kanisa, na kwenye kuta zake wamechora alama za mafuriko ya zamani, nyingine juu ya kichwa cha mtu mzima. Wakati wa kiangazi mto wenyewe unakuwa mchanga mtupu, visiwa vyeupe vinahama kila mwaka, na kuogelea ni marufuku kwa sababu mchanga huo humeza watu. Ukipita Nantes mambo yanabadilika. Maji ya bahari yanapanda na kushuka ndani ya mto, rangi inageuka kahawia, matete yanaanza, na pembezoni unaona vibanda vya wavuvi vimesimama juu ya nguzo, kila kimoja na wavu wa mraba unaoshushwa na kuinuliwa kwa kamba. Hapo ndipo mtoto wa Pangani anapojiona yuko kwao, ukiondoa minazi na mamba.

Pale Le Pellerin kuna kivuko cha kwenda Couëron. Ni bure: mtu, baiskeli, hata gari. Wilaya ndiyo inayolipa. Mwishoni mwa mto lipo daraja la Saint-Nazaire, mita 3,356, lililofunguliwa 1975, juu yake zaidi ya mita 60 kutoka majini. Upepo wa pale unaweza kukusogeza hadi kwenye njia ya malori. Nalitaja kusudi, ili mtu asiniambie kwamba Ulaya kila kitu kimekamilika. Mwendesha baiskeli hakukumbukwa na waliolichora daraja hilo, na hadi leo wenyeji wakimwona mgeni anaelekea kulipanda humshauri atafute usafiri wa kuvushwa.

Sasa tuje Korogwe. Mto wetu una urefu wa kilomita zipatazo 500. Unakusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, unatulia kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, unapita Korogwe, unazungusha mitambo ya umeme pale Hale, halafu unajilaza kwenye minazi hadi mjini Pangani. Wa kuuendea kwa baiskeli hawakosekani. Mkoa wa Tanga ni wa baiskeli tangu enzi za babu zetu: mkaa, machungwa ya Muheza, madumu ya maji, samaki, mke na mtoto juu ya keria, vyote vinakwenda kwa miguu miwili na cheni. Kwa hesabu ya watu wanaokanyaga pedeli kwa shida zao za kila siku, vijiji vya Loire havitufikii.

Tatizo ni kwamba mtu huyo hayumo kwenye mchoro wa barabara. Kutoka Korogwe kwenda Hale unapita barabara kuu, na bega la lami limeliwa. Basi likipiga honi nyuma yako maana yake ni moja: shuka majanini. Ufaransa sheria inamtaka dereva amwachie mwendesha baiskeli nafasi ya mita moja mjini na mita moja na nusu nje ya mji. Wapo wanaoivunja, tena wengi, lakini anayeivunja anajua kwamba kavunja. Kwetu anayetukanwa ni aliyekuwa juu ya baiskeli.

Na nyuma ya hilo kuna jambo zito zaidi. Njiani kuelekea Pangani nilisimama kwenye kivuli cha mwembe, kwa fundi baiskeli, mtu mzima mwenye kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi na jua lote hili?"

"Korogwe."

Akaitazama baiskeli, akanitazama mimi. "Mabasi yamegoma?"

Nikamwambia hapana, natembea tu, nauangalia mto.

"Kwani ukiwa ndani ya basi mto hauonekani?"

Hakuwa na kejeli, aliuliza kwa huruma. Kwetu baiskeli ni ya asiye na nauli. Ukipata pesa unahamia pikipiki, ukizidi kupata unahamia gari, na kurudi nyuma ni dalili ya kufilisika. Kando ya Loire nawakuta mameneja wastaafu wakisukuma mizigo yao kwa jasho, na hakuna anayewauliza yaliyowasibu.

Mzee yule, kwa kufupisha habari, alinipa kigoda, akamtuma mjukuu aangue dafu, akaizamisha tyubu yangu kwenye karai la maji kutafuta pancha, akaiziba kabla dafu halijaisha. Hapa nyumbani tunashinda, na tunashinda kwa mbali. Ukipata pancha kati ya vijiji viwili vya Loire ni wewe na pampu yako. Ukifika kijijini saa saba mchana duka limefungwa hadi saa tisa au kumi, na Jumatatu huenda lisifunguliwe kabisa. Maji waendesha baiskeli wengi huyachota kwenye bomba la makaburini. Ndiyo, makaburini: bomba limewekwa la kumwagilia maua, na kila msafiri analijua. Mara ya kwanza nilisita, nikamwomba radhi marehemu wa karibu, nikajaza chupa. Kwetu huwezi kupita kilomita tano bila kuona mama lishe, mihogo ya kukaanga au mtu wa kukwambia karibu chai.

Hata hivyo, dafu la mzee halimsaidii mtu anayepanga safari akiwa na watoto. Loire kuna alama iitwayo Accueil Vélo. Nyumba ya wageni yenye alama hiyo iko ndani ya kilomita tano kutoka njiani, ina mahali pa kufungia baiskeli na vifaa vya matengenezo madogo, na mwenyeji hatakununia ukiingia na matope. Kwa ahadi hiyo ndogo, nakutana na bibi wa miaka sabini na watoto wa darasa la kwanza wakienda kilomita thelathini kwa siku. Ukarimu wa Pangani ni mkubwa kuliko huo, ila hauandikwi popote. Anayeufaidi ni kijana mwenye mwili na ujasiri, kama mimi siku ile.

Ndiyo maana siungi mkono wanaosema tusubiri lami. Vijia tunavyo. Mkonge uliingia kwetu mwaka 1893 kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf, ukapandwa Kikogwe, ng'ambo ya Pangani, na mashamba yaliyofuata yalichora barabara za udongo zilizonyooka, tambarare, zisizo na magari. Ziko wazi leo. Unachohitaji ni ruhusa ya mlinzi getini, na mlinzi hana karatasi inayomwambia akuruhusu. Halmashauri tatu na wenye mashamba wakikaa chumba kimoja wanaweza kuimaliza karatasi hiyo. Vibao na mashimo vingekuwa kazi ya TARURA, ambayo barabara za vijijini ziko mikononi mwake tangu 2017. Barabara mpya ya pwani, ile ya kuunganisha Bagamoyo, Saadani, Pangani na Tanga pamoja na daraja lake la mita 525 pale mtoni, ni suala jingine: huko naomba bega pana tu, lisiloliwa.

Na wasafiri wangeyaona mengi. Bonde hili lilipitisha misafara ya pembe na watumwa kwenda bandari ya Pangani, na mjini humo ndipo Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani wa pwani, aliponyongwa na Wajerumani Desemba 1889. Nantes nayo ilikuwa bandari kuu ya Ufaransa ya biashara ya utumwa. Tangu 2012 ina ukumbusho ukingoni mwa mto, na majina ya meli yamezamishwa kwenye vioo chini ya miguu ya wapita njia. Waendesha baiskeli wengi husimama pale, husoma, huendelea. Sioni kwa nini Pangani isiwe na kituo chake.

Anayetaka kujaribu bila kungoja kikao cha mtu yeyote, aache barabara kuu. Ashike njia ya vumbi ya Muheza hadi Pangani, avuke kwenda Bweni, alale Ushongo, na asubuhi maji yakishakupwa aendeshe juu ya mchanga mgumu. Asiende masika, tope litamshika hadi kwenye breki. Achague Desemba hadi Februari, kaskazi ikivuma, maana anaelekea kusini na upepo utakuwa mgongoni. Loire, ukielekea baharini, upepo wa magharibi unakupiga usoni siku nyingi za mwaka, na kwa hilo Wafaransa hawajapata kibao.