Barua za Kuomba Kazi Siyu

Siyu, mji wetu ulioko kisiwani Pate, ulisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa wanavyuoni na mafundi wake, na miongoni mwa waliosifika zaidi ni makatibu walionakili Misahafu kwa wino mweusi na mwekundu juu ya karatasi zilizoletwa na majahazi, kazi ambayo aliyeiagiza hakuwa na haja ya kumtaka katibu shahada, kwa kuwa khatti yake ilikuwa shahada tosha. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa washona makubadhi, wachonga milango na masonara: aliyedai kujua alipewa ngozi na kisu, akatazamwa.

Mimi nilipopata fahamu, zama hizo zilikwisha pita. Kazi za mshahara zilikuwa Lamu, Mombasa na ng'ambo ya Ghuba, nazo ziliombwa kwa barua ya Kiingereza, kwa hiyo sisi wachache tuliosoma skuli tukawa waandishi wa wenzetu. Baada ya sala ya alasiri mtu alikuja barazani na karatasi zake zimekunjwa mfukoni, nami nikamwuliza amefanya kazi gani, kwa nani, na ni kitu gani awezacho kukifanya akiachwa peke yake.

"Maalim, niandikie pia kwamba najua injini," aliniambia baharia mmoja.

"Wajua kuifungua na kuifunga?"

"Huwatazama wenzangu wakiifungua."

Nikamwandikia kwamba amehudumu katika chombo chenye injini, wala sikuzidisha. Naye akaridhia, akatia sahihi yake kwa taratibu chini ya maneno yasiyokuwa yake. Hapakuwa na aibu katika hilo, kwani mwajiri alijua fika kwamba barua ile imeandikwa na mkono mwingine, na kwamba siku atakapomwita yule bwana, atakuja mwenyewe kwa miguu yake na ulimi wake.

Zikaja tapureta za Lamu, kisha saiba, ambamo wasifu mmoja ulinakiliwa kwa watu wengi, likabadilishwa jina na nambari ya kitambulisho tu. Katiba ya 2010 ikatuletea serikali ya kaunti mwaka 2013, na tarehe 20 Mei 2021 likafunguliwa gati la kwanza la Bandari ya Lamu. Matumaini ya ajira yakazidi, na karatasi zikazidi pamoja nayo. Ghushi nayo ikastawi nchini kote, hata mwezi wa Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ikatangaza kwamba ukaguzi wa vyeti vya watumishi umefichua vya bandia zaidi ya 2,000. Lakini cheti cha bandia kina dawa yake: hupelekwa kwa waliodaiwa kukitoa, na ukweli ukadhihirika.

Lililokuja na ChatGPT, iliyotolewa kwa watu wote mwezi wa Novemba 2022, ni jambo la namna nyingine. Sisemi juu ya barua. Binti wa Siyu anayejua uuguzi wake barabara, ila Kiingereza kikamtatiza, akiiomba akili unde imnyooshee maneno, amefanya walilofanya wazee wake barazani kwangu, tena bila kumsumbua mtu. Ninayoyalalamikia ni ya siku ya mahojiano yenyewe.

Niliwahi kualikwa kuketi na wasaili wa mradi mmoja wa afya uliotaka msimamizi wa usafiri wa visiwani, na mwombaji mmoja, ambaye wasifu wake ulisema amefanya kazi hiyo kwa miaka, alihojiwa kwa video kutoka Mombasa. Kila swali lilifuatwa na kimya cha kadiri ile ile, macho yake yakateremka upande wa kushoto, kisha likatoka jibu fasaha lisilo na kigugumizi. Nikamwuliza kwa Kiswahili: ni siku za maji mafu, dawa za chanjo zimo botini katika barafu, hori la Siyu halina kina cha kupita, utafanyaje? Akanyamaza, macho yakateremka, akasema atawasiliana na wadau wote husika na kuandaa mpango mbadala wa usafirishaji. Mtoto yeyote wa kisiwa hiki angemwambia ashuke Mtangawanda, apakie pikipiki au punda, aende kwa barabara. Huyu hakuwa ameazima kalamu ya mtu. Alikuwa ameazima maarifa yenyewe, na lau angeajiriwa, chanjo zingeharibika juani kwa kutojua kwake, na watakaodhurika ni watoto wetu.

Hadaa hii haiko kwetu peke yetu. Mwezi wa Juni 2022 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilionya kwamba wako wanaoomba kazi za mbali kwa sura na sauti za kughushiwa, na mwaka 2025 Sundar Pichai, mkuu wa Google, alisema kampuni yake inarejesha walau duru moja ya mahojiano ya ana kwa ana. Wala dhima haiwaelemei waombaji peke yao: wako waajiri wanaoziachia mashine zisome barua na kuzitupa kabla ya binadamu kuziona, na kijana anayejua kwamba msomaji wake ni mashine hujifunza upesi kuandikiwa na mashine.

Basi enyi mnaoajiri Lamu, nawasihi: waacheni vijana waandikiwe barua, lakini waiteni mbele yenu, muwape kazi ya nusu siku muitazame kwa macho yenu. Na nauli yao muilipe ninyi, kwa sababu kutoka Siyu hadi Lamu ni safari ya baharini, na asiye na kazi hana fedha ya boti.