Juu ya Mbwa Yetu Simba na Malalo Yake



Wengi wenu munaniuliza kila siku, kwenye mstari wa asubuhi na hata tukiwa na sahani mkononi: "Yaya kapita, mulifanya namna gani mpaka Simba iliacha kula malalo yake?" Kujibu mmoja mmoja kunachosha, basi naandika hapa mara moja kwa wote. Tena sina wakati mwingi. Exetat iko mbele yetu, na sisi wa mwaka wa ine wa humanite tutatoka hapa, lakini mbwa itabaki, na yule atakayepokea ukapita ataipokea pamoja nayo.

Kwa ninyi munaolala kwenu, nieleze kidogo. Simba ni mbwa ya zamu wetu. Ililetwa mwezi wa tatu, ikiwa na miezi miwili hivi, juu ya wezi. Hapa Kolwezi hakuna haja ya kueleza sana jambo la wezi. Mwaka huu tulipoteza waya wa umeme nyuma ya madarasa na mashuka mawili yaliyoanikwa mchana. Jina Simba lilichaguliwa na watoto wa mwaka wa kwanza, nalo lilikuwa kubwa kupita mwenyewe. Usiku wa kwanza ililia mpaka saa tisa kwa kuogopa panya.

Zamu aliitandikia saki ndani ya sanduku la mbao, karibu na mlango mkubwa. Siku ya tatu saki ilikuwa nyuzi tupu. Akaweka ya pili. Haikumaliza siku mbili. Ya tatu, ya ine, vile vile. Sisi tulicheka, na wengine waliipa jina la Fundi Cherehani. Lakini mwezi wa tano baridi ikaanza. Kolwezi iko juu, inapita mita 1400, na wenzetu waliotoka Bukama na Kongolo wanajua namna baridi ya hapa inavyouma mtu aliyezoea joto. Usiku mmoja, zamu akiwa anazunguka nyuma ya kantini, Simba iliingia katika kibanda chake ikapasulapasula bulangeti lake. Si bulangeti la shule, lake mwenyewe, na hakuwa na lingine.

Asubuhi nilimkuta mzee yule akiota moto wa makala, macho mekundu. Sikujua niseme nini. Yeye akaniambia tu: "Mutoto wangu, miye shina neno na imbwa. Baridi njo inaniua."

Mudirekta wa nidhamu alipopata habari aliniita. Akasema mbwa ikiharibu kitu kimoja tena, itapelekwa. Hakusema wapi. Nilielewa, na ninyi pia munaelewa. Akatupa mpaka mwisho wa mwezi wa sita.

Basi kila mtu akawa munganga wa nyama. Wa kwanza walikuwa wenye fimbo. Vijana wawili wa mwaka wa tatu walisema imbwa haisikie kitu kingine. Waliipiga asubuhi, wakiionyesha vipande vya saki iliyopasua usiku. Siku tatu hivi, na mbwa ikajifunza kitu kimoja: kukimbia ikiona vijana wale wawili. Usiku iliendelea kula saki kama zamani, ila sasa iliivuta mpaka nyuma ya choo na kuila kule. Mbwa haina daftari la makosa. Ukiipiga saa moja asubuhi kwa neno la saa saba za usiku, inajua tu kwamba wewe ni mtu mbaya wa saa moja asubuhi. Wenzetu wa pedagojia wamesoma habari za Ivan Pavlov, yule Mrusi aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1904 kwa kazi yake juu ya usagaji wa chakula tumboni. Mbwa zake zilitokwa mate kwa sababu alama na chakula vilifuatana mara moja, tena mara nyingi. Vikiachana kwa saa sita, hakuna somo. Nilizuia fimbo, na wenye fimbo hawakunipenda wiki ile.

Wa pili walikuwa wenye pilipili. Walisaga pilipili, wakaichanganya na maji, wakapakaa saki. Simba ilipiga chafya mpaka tukaogopa, ikanywa maji beseni nzima, kiisha ikaanza kula upande ambao haukupakwa. Aliyepata taabu ni mtoto aliyepakaa, kwani alijisugua macho kabla ya kunawa.

Halafu ikagonjwa. Siku mbili haikula, ikatapika maji yenye nyuzi za bluu, zile za saki. Tuliibeba ndani ya beseni mpaka kwa munganga wa nyama mjini. Huyu ndiye aliyetufungua macho, na maneno yake naomba muyashike.

Kwanza alitazama mdomo. Alituonyesha pengo mbele, na jino dogo lililokuwa likitikisika. Mbwa mtoto ana meno 28 ya maziwa. Tangu miezi mitatu au mine yanaanza kuanguka, na mpaka miezi saba hivi anapata meno 42 ya ukubwa. Katika muda ule ufizi unauma na kuwasha, na mbwa inatafuna ili ipate kupumzika. Kumbe Simba haikuwa na roho mbaya, ilikuwa na meno. Angalieni wadogo wenu wa miezi sita nyumbani, wanauma hata kidole cha pasta.

Pili alisema juu ya nyuzi. Kitambaa au uzi wa saki ukimezwa unaweza kufunga utumbo, na mbwa ikafa. Dalili ni kutapika, kukataa chakula, na kutopata choo. Na ukiona uzi umetokea nyuma, usiuvute hata kidogo, kwani ndani unaweza kukata utumbo. Ya Simba ilitoka yenyewe siku ya pili, asante kwa Mungu. Siku ile ile tukamwomba sindano ya kichaa cha mbwa, maana ilikuwa imepita miezi mitatu, na mbwa inayoishi katikati ya wanafunzi wengi namna hii haiwezi kukaa bila sindano. Ugonjwa ule ukishaonyesha dalili ndani ya mtu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo mtu akiumwa na mbwa yoyote, aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kiisha aende hospitali siku ile ile, asingoje.

Tatu aliuliza: "Hizi saki munatosha wapi?"

Tukatazamana. Zamu alizipata kwa jirani yake, na jirani ananunua mawe kwa wachimbaji. Ndizo saki zilizobeba madini. Hapa kwetu saki ile iko kila mahali: wengine wanaweka makala, wengine wanafunga nayo dirisha, na mtoto analala juu yake. Lakini munajua habari za Kasulo, namna tangu mwaka wa 2014 watu walivyochimba hata ndani ya viwanja vya nyumba zao. Mwaka wa 2018 wachunguzi wa Universite ya Lubumbashi na wa Leuven kule Ubelgiji walitangaza kazi waliyofanya katika mtaa ule: walikuta kobalti nyingi katika vumbi la nyumba, na katika mkojo wa watu, zaidi sana wa watoto. Kama vumbi la chini linaingia hivyo katika mwili wa mtoto, mbwa inayotafuna saki yenyewe usiku kucha inakula nini? Munganga hakusema ndiyo sababu ya kutapika kwake. Alisema tu: "Zitosheni." Tulizitoa zote siku ile, na mimi nilitoa pia ile iliyokuwa chini ya mlango wa chumba chetu cha kulala.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Kwa siku sita niliandika katika karatasi saa ambazo Simba inatafuna. Zilikuwa mbili. Saa ya kwanza ni usiku tukitoka masomo ya jioni, kelele zinakwisha ghafula na yeye anabaki peke yake. Saa ya pili ni alfajiri, saa kumi hivi, njala ikimshika, kwani alikula mara moja tu kwa siku, mabaki ya bukari saa sita. Na mchana kutwa alikuwa amefungwa kwa kamba fupi. Mtu mwenye meno ya kuuma, njala na kifungo, akipewa saki, atafanya nini?

Tuligawa chakula chake mara tatu, kile kile, hakikuongezwa sana, na mara ya mwisho ikawa usiku, kisha masomo ya jioni. Baada ya darasa vijana wawili wanakimbia nayo kuzunguka uwanja wa mpira mpaka ulimi unatoka. Ndani ya sanduku tuliweka majani makavu. Ikiyapasua haidhuru, na kila juma yanachomwa pamoja na viroboto vyao. Mama mpishi akaenda sokoni upande wa Manika akanunua goti la ngombe, mfupa mkubwa mbichi. Hapo baadhi yenu mulinung'unika: sisi tunakula maharagi, mbwa inakula ngombe! Lakini mfupa ule hauna nyama, na bei yake ni ndogo sana kupita bulangeti. Mifupa ya kuku iliyopikwa, hapana, inavunjika kama sindano. Na kigunzi cha mahindi, hapana kabisa. Wengi munaitupia kwa wema, lakini kigunzi kikimezwa kinafunga utumbo kama kitambaa, na pengine zaidi.

Neno lililotupa shida kubwa ni neno lenyewe la kukataza. Mmoja alisema "Acha!", mwingine "Tika!", mwingine "Lâche!", na mtu wa Kaniama ana yake. Mbwa ilitutazama kama sisi tunavyotazama mwalimu wa fizika. Tukakubaliana "Leka", kwani linasikika katika lugha nyingi za hapa. Ikishika kitambaa, usivute. Ukivuta inafikiri ni mchezo, na inafurahi. Sema "Leka" mara moja, bila hasira, weka kichwa cha samaki mbele ya pua. Ikiacha, ipate samaki, kiisha uipe mfupa wake. Siku za kwanza tulimaliza samaki nyingi. Juma la pili ilianza kuacha kabla ya kuona samaki.

Mambo hayakwenda sawa kila siku. Tarehe kumi ya mwezi huu ilikula kiatu kimoja cha mwanafunzi ambaye sitamtaja, na nilikwenda mwenyewe kumweleza mudirekta. Aliuliza kiatu kilikuwa wapi. Kilikuwa nje, juu ya majani, usiku. Akasema basi hilo ni neno la mwenye kiatu.

Juma lililopita, na baridi ikiwa kali, tulianza kuirudishia kitambaa: kipande cha bulangeti lile lile lililopasuka. Kwanza dakika kumi, zamu akikaa karibu, kiisha saa moja, kiisha usiku. Leo ni usiku wa tano. Asubuhi kipande ni kizima, ila kina nywele na kinanuka. Zamu amepata bulangeti lingine, darasa letu lilichanga.

Kwa kapita atakayefuata: meno hayajaisha kutoka, mpaka mwezi wa nane musikose mfupa. Mama mpishi anajua muuzaji. Wakati wa likizo, interna ikifungwa, Simba itabaki na zamu peke yake, na hakuna atakayekimbia nayo. Nimeongea na vijana wawili wanaokaa karibu, watapita jioni. Karatasi ya sindano iko kwenye sanduku la dawa, chini ya pamba. Sindano ya pili ni mwakani mwezi wa tano. Na saki yenye vumbi jekundu isirudi tena getini, hata kama mtu anaileta bure.