SARATANI YA MOYO: SIKU MAFURIKO YALIPONIPIMA



Ndugu zangu katika imani, madaktari wanatufundisha kwamba saratani inayoanzia kwenye moyo wenyewe, huu unaodunda kifuani, ni nadra sana. Saratani huanza pale seli inapojigawa, ikakosea, kisha ikakataa amri ya kuacha. Seli za misuli ya moyo zikishakomaa karibu hazijigawi tena. Ndiyo maana saratani ikikutwa moyoni, mara nyingi imesafiri kutoka kwingine, kwa mfano mapafuni.

Lakini ule moyo mwingine, ambao Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kuwa uzima wa mwili wote unautegemea, huo unaugua saratani kila siku. Jina lake ni husuda. Leo sitampigia mfano mtu mwingine. Mgonjwa ni mimi.

Nafundisha madrasa hapa Kyela kwa miaka mingi. Ni chumba cha tofali za kuchoma, bati juu, mikeka chini, na watoto wa wakulima wa mpunga na kakao. Waislamu wa huku si wengi, kwa hiyo tunajuana. Mwaka mmoja akaja ustadhi kijana, akafungua madrasa bondeni, upande wa Itungi. Ana sauti nzuri ya Qur'ani, hapigi watoto, na wazazi wakampenda. Katika miezi michache, watoto 11 wakatoka kwangu wakaenda kwake.

Sikukasirika hadharani. Nilisema, "Alhamdulillah, kheri imeongezeka." Lakini nikaanza kumchunguza. Akikosea madda, nasikia mimi wa kwanza. Akichelewa swala ya Alfajiri, nahesabu. Siku moja sokoni mama mmoja, kashika ndoo yake ya usipa, akaniuliza: "Ustadhi, huyu mwalimu mpya unamwonaje? Nimpeleke mwanangu?"

Nikanyamaza kidogo. Kisha nikasema: "Mama, elimu ya dini uangalie mtu kaichukua wapi."

Basi. Sikusema uongo hata neno moja. Lakini yule mama akaelewa nilichotaka aelewe. Mtoto hakupelekwa kwa yule ustadhi, wala hakuletwa kwangu. Na mimi nikarudi nyumbani nikijiambia kwamba ile ni ghera ya dini.

Wakulima wetu wanalijua gugu linalofanana na mpunga. Likiwa changa, hata mzee mwenye uzoefu anaweza kulipita na jembe lake mkononi. Linakunywa maji yaleyale, linakula rutuba ileile. Hujulikana linapotoa suke.

Suke la gugu langu lilitoka wakati wa masika. Mvua ilinyesha usiku kucha, mto ukapita kingo zake. Asubuhi kijana wa bodaboda akaniambia: "Ustadhi, madrasa ya bondeni imeingia maji. Misahafu imeloa, na ukuta mmoja umeanguka."

Nikasema, "Innaa lillaahi." Ulimi ulisema hivyo. Lakini kabla ulimi haujamaliza, ndani ya kifua changu kuna kitu kilitulia, kama mtu aliyetuliwa gunia begani. Nikajikuta nahesabu: wale watoto watarudi.

Ndugu zangu, maji yameingia kwenye misahafu ya Mwenyezi Mungu, na mimi, mwalimu wa Qur'ani, nimefurahi.

Nilikaa kwenye mkeka, miguu haina nguvu. Hapo ndipo nilipofahamu ugonjwa huu unavyofanya kazi. Seli ya saratani si mgeni. Ni seli yako mwenyewe iliyoasi, ndiyo maana walinzi wa mwili mara nyingi huiacha ipite. Husuda ya mlevi huonekana upesi. Husuda ya mtu wa dini huvaa kanzu, ikaitwa ghera, ikaitwa nasaha, ikaitwa kulinda umma. Mwanzoni haiumi. Kisha inasafiri: ilitoka moyoni mwangu ikaingia jichoni, ikahesabu makosa ya mwenzangu, ikaingia kwenye ulimi sokoni, ikamfikia mtoto ambaye hakunikosea chochote.

Iblisi hakukosa ibada. Alichoshindwa kuvumilia ni Adam kupewa heshima. Kabila alimuua nduguye wa damu baada ya kuona sadaka ya Habili imekubaliwa. Na Mtume wetu (s.a.w.) aliitaja husuda kuwa ni ugonjwa wa umma zilizotutangulia, akaufananisha na kitu kinachonyoa, na kinachonyolewa ni dini yenyewe.

Tusichanganye. Kumwona mwenzako na neema ukatamani nawe upate kama yake, bila kutaka yake iondoke, hiyo ni ghibta, nayo haina ubaya. Kipimo ni hiki: siku anapopata msiba, sikiliza moyo wako kabla ulimi haujasema pole.

Sasa tiba. Nitasema niliyoyafanya mimi.

La kwanza, niliacha kuiita ghera. Nilisujudu nikaitaja kwa jina lake mbele ya Mola wangu.

La pili, nilianza kumuombea yule ustadhi kwa jina lake, aongezewe wanafunzi. Siku za mwanzo dua ile ilikuwa chungu kama mwarobaini.

La tatu, Imam Ghazali (Allah amrehemu) alifundisha kwamba husuda hutibiwa kwa kutenda kinyume cha inachokuamuru. Ikikuamuru umponde, msifu. Ikikuamuru ukae nyumbani, nenda. Nikaenda bondeni na jembe. Yule kijana akatoka na matope hadi magotini, akasema: "Karibu sheikh wangu. Nilijua utakuja." Neno hilo liliniuma kuliko angenitukana. Tulianika misahafu kwenye jua, ukurasa baada ya ukurasa, kama mpunga unavyoanikwa.

La nne ndilo zito: kurekebisha ulichoharibu. Nilimtafuta yule mama, nikamwambia kwamba neno langu la sokoni lilitokana na ubaya wa moyo wangu, na kwamba yule mwalimu ni mwalimu mzuri. Akaniangalia kwa muda. Akasema: "Ndaga, Ustadhi, kwa kuniambia. Lakini mwanangu sasa yuko Matema kwa mjomba wake, anavua. Mambo ya kusoma kaacha."

Nimeshakwenda Matema mara mbili. Mtoto ni mpole, anajua kushona nyavu, hajui Alif wala Ba. Mara ya kwanza alinikimbia. Mara ya pili alikaa nami robo saa ufukweni, tukaandika herufi mbili kwenye mchanga. Sijui kama hilo litafidia miaka aliyopoteza kwa sentensi yangu moja. Nitakwenda tena, inshaAllah.

Amesimulia Anas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaambia masahaba mara tatu kuwa atatokea mtu wa Peponi, na kila mara akatokea mtu yuleyule. Abdullah bin Amr (r.a.) akaenda kulala kwake siku tatu ili aione amali yake. Hakuona kisimamo kirefu cha usiku. Siri yake ilikuwa kwamba hamfanyii Muislamu yeyote hila, wala hamhusudu mtu kwa kheri aliyopewa na Allah.

Ndugu yangu, dada yangu, madaktari wanatuhimiza tuwahi kupima, kwa sababu uvimbe mdogo hutibika na wengi huchelewa kwa kuwa hauumi. Basi usiku wa leo, kabla hujalala, mtaje mtu mmoja ambaye mafanikio yake yanakukera. Muombee. Na kama ulimi wako umeshamfikia, kesho amka uende ukarekebishe.

Ewe Mola wetu, zisafishe nyoyo zetu, wala usiache ndani yake kinyongo juu ya ndugu zetu. Aamiin.

Wabillaahi tawfiiq.